Mtoto Asiyelia kwenye Barabara ya Bengamisa

Mama Lucie mpendwa, ninakuomba unisaidie haraka, maana wengine wote ambao ningeweza kuwaambia wameshanipongeza.

Mimi nauza mchele, naishi Kabondo, na kila wiki napanda moto, yaani pikipiki, kwenda Bengamisa kuununua, na mwaka jana vijana walinikatia mkanda wa mkoba moto ikiwa inaenda, tangu siku hiyo nikaapa pesa yangu na karatasi za parcelle yetu, kiwanja chetu, haziwekwi tena mahali mkono wa mtu unapofika, na karatasi hizo kuziacha nyumbani siwezi kwa sababu shemeji zangu wanazitafuta tangu mume wangu Arsène alipokwenda kukata mbao kule ng'ambo ya Banalia, basi nikafunga kila kitu ndani ya nailoni, nikazungushia taulo, nikavalisha kofia ya mtoto, nikabeba mgongoni kwa kitenge kama mama yeyote.

Mama, hakuna mwizi anayegusa mtoto. Mambo yalienda vizuri sana. Kwenye barière, kizuizi cha barabarani, askari walinipitisha mbele ya foleni, na Landry, motard anayenibeba, akaanza kukwepa mashimo, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia mimi peke yangu. Siku moja watu wa chanjo walitusimamisha, muuguzi akauliza, "Mutoto iko analala?" Nikajibu, "Iko analala, alisha kupata chanjo." Akataka kuona kidole chenye wino wa chanjo, nikamwambia tunachelewa msiba.

Sasa shida ni hii: Arsène ameondoka zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na Landry, ambaye hupeleka abiria mpaka Banalia, ana mdomo. Arsène akapiga simu: "Florentine, batu banasema uko na mutoto. Iko kweli?" Mama, kule wanakokata mbao simu inayoshika mtandao ni ya mwenye duka tu, anaiweka sauti ya juu na watu wote wanakaa kusikiliza, kwa hiyo nikisema kweli, barabara nzima itajua kwamba mtoto wangu ni pesa, na nikisema uongo nimevunja ndoa yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Bon, tutaongea." Akakata simu.

Nilingoja matusi. Badala yake juzi Landry aliniletea kifurushi kutoka kwa Arsène, ndani kuna blanketi dogo la njano, na maneno ya mdomo: "Papa Arsène anasema, hata kama si wake, mutoto asipate baridi mu njia." Mama, tumeoana miaka minane na hatujapata mtoto. Nililia mpaka Landry akaogopa. Nitamwambiaje huyu mwanaume kwamba hakuna mtoto?

Florentine, Kabondo

Jibu la Mama Lucie:

Mdogo wangu Florentine,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na pesa, maana hiyo ndiyo rahisi. Mgongoni huna macho. Na siku moto itakapoanguka, watu watakimbilia kumwokoa mtoto kwanza, watamfungua mbele ya kijiji kizima, na wewe utaeleza nini ukiwa kwenye matope? Karatasi za parcelle zina kazi gani Bengamisa? Piga fotokopi, zile zenyewe mpe pasta wako au mtu mwingine ambaye shemeji zako hawawezi kumtisha, akuwekee. Pesa ya mchele mtumie muuzaji kwa simu. Kiasi kidogo kishone kwenye mfuko wa kiunoni, ndani ya nguo, na ya mafuta na barière iwe pembeni, usije ukafungua kiuno mbele ya watu. Mkoba ukae katikati yako na motard, mkanda umepita begani.

Umeogopa wezi vizuri sana, lakini mume ulimwacha gizani. Ungemwambia tangu mwanzo unavyobeba pesa ya nyumba yenu, leo asingekuwa anasikia habari za mke wake kwa Landry. Hapo umekosea, na sitakubembeleza.

Usimpigie simu. Nenda mwenyewe mpaka kule kwenye mbao, mgongo mtupu, na safari hii chukua motard mwingine. Mvute Arsène mbali na wenzake, umwambie hakuna mwanaume mwingine na hakuna mtoto, ilikuwa nailoni. Usianze kwa kucheka, hata kama yeye atacheka. Atafurahi kwamba hukumsaliti, kisha atakumbuka lile blanketi, na hapo ndipo unatakiwa kukaa karibu naye, kwa sababu alishaamua kumlea mtoto huyo. Usimwambie ni upuuzi tu. Lieni wote wawili kama mnaweza.

Kila siku unayochelewa, mtoto huyo anazidi kukua kichwani mwa Arsène. Mchele utanunua wiki ijayo. Ondoka kesho asubuhi.