Mkeka wa Mtoto Kutoka Maparoni

Dada Zuhura,

Huku Maparoni kwa shangazi mvua inanyesha na wali una nazi hadi pomoni.

Ule mkeka wa plastiki niliomletea aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akawatandikia bata. Mimi akanikalisha kwenye wa ukindu.

Asubuhi nilifuatana na wanawake wa kijijini kukata ukindu, majani ya mkindu ya kusukia. Nilipolishika chipukizi la katikati ya mkindu, shangazi akanizuia: "Hilo liache, mwanangu. Mti bado unazaa."

Wakaniuliza hali yako na ya ujauzito wako. Jioni kila mmoja alileta ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, aliousuka kwa ajili ya nyumba yake, wakaziunganisha, zikawa mkeka mmoja mpana. Nimeukunja nikuletee.

Acha kuhangaika na maduka, dada. Mtoto wako ameshatandikiwa.

Mdogo wako, Mwanahawa