Kikapu Kwenye Ukuta wa Wafumaji

Jumanne, 6 Novemba

Leo wametolewa nje ya mji walaji bure — ndivyo nahodha wa askari wetu anavyowaita. Wajane, wazee wasiojiweza, kila nyumba isiyo na mtu wa zamu ukutani. Dada yangu Aleydis pia, mjane mwenye mimba ya miezi tisa. Adui aliyetuzingira amekataa kuwapisha. Wamekwama handakini, kati ya ukuta wetu na hema zao, mvua inawanyeshea.

Wafumaji wana sehemu yao ya ukuta ya kulinda, na baba ni mfumaji, zamu ni yake. Ila ana homa, hata kukaa hawezi. Wakijua, sisi nasi ni wa handakini.

Jumatano, 7 Novemba

Nimevaa kofia ya chuma ya baba. Inanifika puani. Afadhali, sihitaji kuongea. Masista shuleni walitufundisha sisi wasichana Kilatini na kudarizi, upinde hapana.

Mzee Wouter, jirani yetu, alinitambua kwa viatu. "Baba yako amekonda ghafla," akaninong'oneza. Nahodha alipopita, Wouter akasimama mbele yangu kunikinga.

Nilidhani askari huwaza vita. Wapi. Huwaza miguu iliyolowa, na namna ya kutoangalia chini handakini.

Nimeangalia chini.

Ijumaa, 9 Novemba

Supu ya mkanda wa ngozi. "Imepungukiwa chumvi tu, mwanangu," akasema Wouter. "Na nyama. Na supu." Nilitaka kucheka, sikuweza.

Mwanamke mmoja handakini alimwita nahodha: "Shuka ule majani na sisi, bwana mkubwa." Akajibiwa kuwa majani ni ya farasi. Farasi tumeshawala.

Jumapili, 11 Novemba — Mtakatifu Martino

Mwaka jana siku hii tulikula bata bukini.

Aleydis amejifungua. Mtoto haachwi afe bila ubatizo, hata wa handakini, kwa hiyo padri akaagiza kikapu kishushwe. Mimi na Wouter tukavuta kamba. Wa kiume, amefungwa kitambaa cha kichwa cha dada. Akabatizwa Martino hapa hapa ukutani. Nilimpa kidole, akakinyonya.

"Sasa ni Mkristo," nahodha akasema. "Mrudisheni." Padri akaendelea kufuta vidole vyake. Nahodha ameitwa langoni. Akirudi, kikapu kiwe chini.

Nikimficha, wataniuliza mimi ni nani, na baba atang'olewa kitandani. Na huku juu hakuna maziwa. "Mshushe, Machteld," Wouter akasema. "Mama yake anamngoja."

Nikaanza kushusha. Aleydis akainua uso, akakunja mikono.

"Sipokei," akasema. "Kaa naye, wewe askari. Huko juu angalau kuna paa."

Hajui kuwa ni mimi.

Nimefunga kamba kwenye nguzo, nimekaa naandika, nisije nikaamua. Kikapu kinaning'inia katikati. Aleydis amegeuza mgongo. Wouter anasema nahodha ameshafika kwenye ngazi ya ukuta —