Wadau wa Mwendo wa Thelathini

Jumanne, 5 Septemba

Kuanzia leo mimi ni mdau. Annelie, afisa maendeleo wa halmashauri, kaja dirishani pa kibanda changu, kanunua soseji ambayo nilijua hataila, kisha kaniambia nimeteuliwa kwenye Jukwaa la Pamoja la Vijana na Viongozi wa Biashara. Nikamuuliza, kiongozi wa biashara ni nani? "Si ni wewe, Gunvor!" Miaka yote hii nakaanga soseji hapa uwanjani Tallmyra, kumbe naongoza.

Shida ni trekta za vijana. Yaani zile Volvo za babu zao, zimekatwa nyuma zikawa pikapu, zimefungwa zisivuke kilomita thelathini kwa saa, zimebandikwa pembetatu nyekundu kubwa kama sinia. Sheria inaziita trekta ili mtoto wa miaka kumi na tano apate kuendesha. Kila jioni wanauzunguka uwanja. Wanazunguka, wanazunguka. Muziki unatikisa chupa zangu za haradali. Kisha wanashuka kununua soseji. Wengine wote mji huu saa hizo wameshajifungia ndani.

Sven-Åke hawataki. Anauza magari mapya, na upande huu wote wa uwanja ni mali yake, pamoja na hapa ninaposimama mimi. Mkataba wangu wa kibanda unaisha Desemba. Yeye pia ni mdau. Mdau hasa.

Jumatano, 13 Septemba

Mkutano wa kwanza, maktaba. Viti vimepangwa duara ili asiwepo mkubwa. Sven-Åke akakaa popote tu, na duara likawa na kichwa. Sijui anafanyaje.

Kahawa. Maandazi ya mdalasini. Vijana wakajibanza karibu na mlango, wananuka mafuta ya injini. Tilde ndiye msemaji wao — binti wa miaka kumi na sita, grisi kwenye kucha, haogopi mtu. Kaninong'oneza:

"Shangazi Gunvor, hapa mtu anaruhusiwa kula mangapi?"

"Kula, mwanangu. Hii ndiyo huduma ya jamii."

Annelie akawauliza vijana wanataka nini. Tilde akajibu: choo. Choo cha uwanjani kinafungwa jioni, wao wanataka kisifungwe. Basi. Annelie akaandika ubaoni: "Miundombinu ya utu." Akasema lakini jamani, oteni ndoto kubwa zaidi! Tilde akafikiri.

"Choo kikubwa."

Kisha zamu yetu sisi viongozi, kwenye vikaratasi vya rangi. Mimi niliandika "choo", nikaona aibu kumwacha mtoto peke yake. Sven-Åke akaandika kwa herufi kubwa: UTULIVU. USALAMA. MWENDO WA POLEPOLE. Akaeleza kwa hisia kwamba watu siku hizi wanapita mbio mno, hawaoni vioo vya maduka, hawaonani. Makofi! Annelie macho yakamlowa. Tukapigwa picha mbele ya ubao.

Halafu akawaambia vijana mchakato sasa ni wao. Wachukue maneno haya, waje na pendekezo. Alidhani watachora bango.

Nilimwona Tilde anauangalia ubao. Kausoma mstari wa tatu wa Sven-Åke. Kausoma tena.

Alhamisi, 21 Septemba

Loo! Leo nimecheka kwa ndani mpaka mbavu zinauma.

Tilde kasimama na ramani. Kasema wamewasikiliza wadau. Wadau wanataka utulivu, usalama na mwendo wa polepole. Kwa hiyo vijana wanapendekeza barabara yote inayopita mjini, kuanzia kanisani hadi mbele ya duka la magari la Bwana Sven-Åke, iwe mwisho kilomita thelathini kwa saa. Kwa watu wote.



Polepole kila mtu alikuwa anapiga picha kichwani: yeye na gari lake jipya, nyuma ya pembetatu nyekundu, kihalali, mpaka siku ya mwisho ya maisha yake.

Hakuna aliyepinga. Hapa kwetu mtu hampingi mtu usoni. Atakuachia kikaratasi mlangoni, au atahama mtaa, lakini usoni hapana. Mwenye duka la viatu akasema ni wazo la kusisimua sana. Mfamasia akasema linatia moyo. Sven-Åke akatazama maneno yake mwenyewe ukutani, akasema anapenda mno ari ya vijana, na je, si vyema tufanye uchunguzi zaidi?

"Tumeshafanya," Tilde akasema. "Tumekuuliza wewe."

Annelie akatangaza mapumziko ya kahawa. Kahawa tulikuwa tumeshainywa.

Ijumaa, 22 Septemba

Sven-Åke kaja kibandani. Soseji mbili na viazi vya kuponda, na saladi ya kamba wa baharini juu. Hajawahi kula hapa. Kala zote, kasifia, kajipangusa mdomo.

Kasema amewapatia vijana kitu bora kuliko uwanja. Kile kiwanja cha kokoto nyuma ya mitambo ya majitaka. Yeye atagharamia bango. Kitaitwa Uwanja wa Fursa.

"Wewe wanakusikiliza, Gunvor. Ukiliunga mkono hili, litapita bila kelele."

Nikasema nitafikiri.

"Fikiri, fikiri. Na ule mkataba wako nao unaisha Desemba, sivyo? Hilo dogo. Hilo ni la kupiga saini tu, tukiwa tunaelewana."

Akaniachia bakshishi. Nimeiweka kando, naitazama kana kwamba ni panya.

Jumanne, 3 Oktoba

Ziara ya wadau, Uwanja wa Fursa. Basi la halmashauri. Tulivishwa vizibao vya kung'aa, kana kwamba kuna mtu angetugonga kule. Mvua inapiga kutoka pembeni. Hakuna taa, hakuna choo, kuna harufu. Annelie kasema eneo lina uwezo mkubwa ambao haujaguswa. Mfamasia kasema hewa ni ya wazi. Kweli, ilikuwa wazi kabisa ni ya nini.

Tilde akauliza soseji zitatoka wapi huku.

Wote wakanitazama. Mimi nikatazama viatu.

Jumatano, 11 Oktoba

Mambo ni hivi, nimejiwekea wazi: nikiwaunga mkono vijana, sina kibanda. Nikimuunga mkono Sven-Åke, ninacho kibanda, ila sina wa kumuuzia. Nitakaa humo Januari nzima nawakaangia njiwa.

Mtu angedhani hesabu hiyo ni rahisi. Lakini kibanda ni kibanda. Nimekipaka rangi mwenyewe kila kiangazi.

Uamuzi ni kesho.

Alhamisi, 12 Oktoba

Annelie hapendi kura. Kura zinagawa watu. Yeye huuliza, "Je, tunaweza kukubaliana?", watu wanaguna, naye anasikia anachotaka kusikia.

Akalitanguliza la Uwanja wa Fursa. Je, tunaweza kukubaliana? Upande wa biashara ukaguna. Upande wa vijana ukaguna pia, kwa namna nyingine. Annelie akatabasamu, "Nasikia ndiyo —"

"Mikono!" nikasema. Mdomo umejaa andazi.

"Samahani, Gunvor?"

"Inyooshwe mikono. Tuonane."

Yaani ungedhani nimewaambia wavue nguo. Lakini utaratibu ni utaratibu, mdau akiomba lazima mikono ihesabiwe. Wanaotaka vijana wahamie kwenye kokoto? Viongozi wa biashara wakainua, mmoja mmoja, huku wakitazama dari. Wanaotaka vijana wabaki uwanjani, na pendekezo la thelathini lipelekwe halmashauri? Vijana wote juu. Sawa kwa sawa. Nikabaki mimi.

Mkono wa kulia nilishika kikombe, wa kushoto andazi. Ilibidi nitafute pa kuweka kikombe. Watu wote wakasubiri nitafute pa kuweka kikombe. Nikakiweka sakafuni. Nikainua.

Vijana wakapiga kelele! Annelie akasema huu ni ushirikishwaji wa kweli, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Mlangoni Sven-Åke akanipa mkono. "Asante kwa mchango wako, Gunvor." Mtu wa hapa akikuambia asante kwa upole ule, anza kutafuta maboksi ya kuhamia.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika huku nakaanga. Siku ya soko, foleni ndefu.

Sven-Åke alipiga simu asubuhi: atapita tuzungumze kidogo, sisi wawili tu. Kaja na lile gari jeupe la maonyesho. Angeweza kutembea, ni ng'ambo tu ya uwanja, lakini muuza magari hatembei. Na barabara ya uwanja ni ya upande mmoja, nyembamba, siku ya soko hakuna kupitana. Mbele yake trekta ya Tilde. Nyuma yake nyingine, imemganda. Hana pa kusimama. Anazunguka nao.

Honi hawezi kupiga. Kupiga honi Tallmyra ni kama kutukana kanisani.

Kapita dirishani pangu, tumeitikiana kwa kichwa. Kapita tena, tumeitikiana tena. Ustaarabu lazima.

Raundi ya tatu kashusha kioo. "Gunvor! Ni kuhusu Desemba —" Akapita.

Mama mmoja kwenye foleni kauliza, Desemba kuna nini? Nikasema sijui, bado hajamaliza.

Raundi ya nne. "— ule mkataba, si kwamba ni kwa sababu ya kura, ila —" Akapita.

"Kura gani?" mfamasia akauliza kwa nyuma, kana kwamba juzi hakuwepo.

Sasa hakuna anayeagiza. Wamegeuka wote, soseji mikononi, wanangoja ayamalize mbele yao. Soseji zinaungua na sizigeuzi. Muziki umezimwa — Tilde kauzima mwenyewe, na kapunguza mwendo, hata kumi haifiki. Gari jeupe linakuja kwenye kona. Kioo kiko chini. Sven-Åke kaiona foleni yote inamtazama, kafungua mdomo —