Kompyuta Uliyonisafishia Siku ya Akika

Cheyo, Tabora
Jumatano

Kwa mdogo wangu Majidi,

Assalaam alaykum. Na marahaba, maana najua shikamoo ungenipa tu hata ukiwa na makosa. Natumai u mzima huko chuoni Dodoma na unakula chakula cha maana, si chipsi kila siku. Sisi hatujambo. Mpwa wako Yasmini leo ametimiza siku thelathini na mbili, ananyonya kama kesho hakuna. Shemeji yako Sabiri yuko kazini Igalula stesheni, atarudi Jumamosi. Mama yupo hapa, ndiye anayenikanda na kunipikia uji wa pilipili manga. Anakusalimu sana.

Baada ya salamu, Majidi, nina hasira na wewe. Nimeandika kwa sababu kwenye simu kila nikifungua mdomo unaniambia dada tulia, dada punguza presha, halafu mtandao unakatika upande wako tu. Barua anakuletea jirani yetu Awadhi, anasafiri kesho alfajiri kuja huko. Isome mpaka mwisho.

Siku ya akika, wanawake wamenizunguka chumbani mtoto ananyolewa, wewe ulikuwa sebuleni na kompyuta yangu. Hukuniuliza. Ulikuja na sahani ya pilau mkononi ukatangaza kwamba umenisafishia, eti Windows yangu ilikuwa ya wizi na imejaa virusi, umeiondoa yote umeweka Linux, sasa inakimbia. Watu wakakusifu. Mimi nikatabasamu kwa kuwa wageni walikuwepo. Faili zangu ulizihifadhi, kwa hilo ahsante. Lakini programu ninayotengenezea tovuti ikakataa kufunguka, maana ni ya Windows, na ndiyo pekee niliyofundishwa kwenye ile kozi ya miezi mitatu. Nilipokupigia ulicheka. Ulisema programu ile ni ya wazee, hakuna anayeburuta picha kwa kipanya siku hizi, nijifunze kuandika kodi kama watu. Majidi, nina kidato cha nne na mtoto mchanga. Kodi nitaandika kwa mkono upi?

Na ulijua kwamba tovuti ya asali ya Bi Sultana inatakiwa mwisho wa mwezi. Alishasema wazi kwamba isipokuwa tayari wanunuzi wake wanapoanza kuagiza, kazi zake zote atampa mtu wa Dar es Salaam. Kwa fundi sikuweza kwenda. Arobaini haijaisha, na Mama haniruhusu kuvuka hata mlango wa uani. Nikahangaika mwenyewe.

Nilisoma kwenye simu mtoto akiwa titini. Nikakuta kuna kiprogramu cha kati unachokiweka kwenye Linux, kinaipokea programu ya Windows na kuifanya idhani iko kwao. Mara ya kwanza likafunguka dirisha jeupe tupu. Mara ya pili maandishi yote yakawa vijisanduku. Kumbe fonti hazikuwemo. Nikaziweka. Siku ya nne ikagoma kabisa, nikalia, Mama akaja mbio akidhani mtoto ana degedege. Mwisho nikaweka toleo la zamani zaidi, lililokuwa kwenye flashi ya kozi, nalo likafunguka kama halijawahi kuhama. Linajifunga lenyewe nikilikimbiza, kwa hiyo silikimbizi. Jumatatu tovuti ya asali ikawa hewani.

Nikamtuma Mama dukani akampe Bi Sultana habari. Akarudi amechanganyikiwa. Kumbe wiki iliyopita Bi Sultana alikupigia wewe, nawe ukamwambia avumilie, unabadilisha mfumo, utamalizia ukija likizo. Utamalizia nini, Majidi? Hujawahi kuweka hata picha ya mzinga mmoja mle ndani! Mimi nimefungwa kitambaa tumboni, nahesabu siku zilizobaki, na wewe unamwambia mteja wangu asubiri likizo yako, kwa sababu tu umeona haya kusema kazi hii si yako.

Sasa niseme na langu, hasira zisinifanye nijitakase. Uongo huu niliuanza mimi. Mwaka jana, nilipokwenda kwa Bi Sultana kuomba kumtengenezea tovuti ya duka la vitenge, alinitazama juu mpaka chini akaniuliza nimesoma chuo gani. Nikaogopa. Nikamwambia anayetengeneza ni mdogo wangu wa chuo kikuu, mimi napeleka na kurudisha tu. Akakubali pale pale. Chini ya kila ukurasa niliandika jina lako. Ndiyo maana siku ya akika alikupongeza, ukashtuka, ukanitazama, ukanyamaza. Nilikuona. Nilidhani unanisitiri. Kumbe ulipenda.

Jana nimempigia Bi Sultana nikamwambia yote. Kisha akasema kama kweli ni mimi, niibadilishe ile picha ya juu yeye akiwa anasubiri. Nikaibadilisha, Yasmini analia begani. Akacheka kidogo, akasema sawa, ila binti aliyemdanganya mwaka mzima hamwamini kwa picha moja. Anataka alisikie na kinywani mwako. Akiridhika, kazi zake zinabaki kwangu.

Atakupigia Ijumaa baada ya swala. Usimwambie unanisaidia. Usimwambie tunashirikiana. Mwambie hukutengeneza, wala hujui programu ile inafunguliwaje kwenye hiyo Linux yako. Jina lako nimeshalitoa kwenye kurasa zote, nimeandika langu.

Sijaacha kukupenda. Wewe ni damu yangu, na mtoto huyu hana mjomba mwingine. Likizo ikifika njoo, chumba chako kipo. Mtoto mbebe utakavyo. Kompyuta usiiguse.

Wasalimie wenzako wa chumbani. Mama anasema uswali.

Ni mimi dada yako,
Zuwena