Wimbo wa Burat, Sitakutumia Mimi

Mpendwa Akiru, mke wangu wa zamani,

Ujumbe wako ulinikuta Jumatatu kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Uliandika kama mtu anayemwagiza fundi: "Habari. Bado uko na ile rekodi ya kwaya ya Burat? Simu yangu iliibiwa na kila kitu. Kampuni inataka kuisikia, wanaweza kuitoa." Niliusoma mara ya pili nikitafuta jina langu. Halikuwemo.

Rekodi ninayo. Nakala iliyobaki duniani ni hii yangu, na wewe unajua, ndiyo maana umenikumbuka baada ya kimya kirefu namna hii. Ningeweza kukujibu kwa neno moja nikarudi kwenye kiti cha kinyozi. Lakini mwezi uliopita ulihojiwa redioni, nchi nzima ikisikiliza, ukaulizwa ulijifunza wapi kuwachagulia watu nyimbo, nawe ukasema, "Kulikuwa na duka moja dogo Isiolo." Duka moja dogo. Kana kwamba lilikuwa likifunguka lenyewe asubuhi na kujifagia. Umenifuta hadharani, kwa hiyo nakujibu hadharani. Barua hii naipeleka kwa mhariri yule yule anayechapisha makala zangu gazetini.

Unakumbuka lilivyoanza. Kaunti zilikuwa bado changa, mji ulikuwa umejaa wageni waliofuata ajira na zabuni, na kila mtu alikuwa na simu yenye memori kadi, lakini karibu hakuna aliyekuwa na bando la kupakua nyimbo. Sisi ndio tulikuwa bando lao. Mtu analeta kadi, wewe unaijaza kutoka kwenye kompyuta yetu, anaondoka na furaha ya wiki mbili mfukoni. Mimi nilikuwa nyuma, natengeneza spika na kubishana na wateja kuhusu bajeti ya kaunti, hata wakaniita Wakili. Wewe ulikaa mbele. Na hukuwahi kumuuliza mtu anataka wimbo gani. Ulimuuliza, "Utakuwa unasikilizia wapi?"

Swali hilo ndilo lilikuwa duka lenyewe. Mama wa maziwa ya ngamia akikwambia anasikiliza alfajiri akisubiri gari, ulimpa zile za kinanda cha Kisomali ambazo hazimharakishi mtu. Mlinzi wa ghala ulimpa benga ya kumweka macho. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mlokole wa kutoka Nyeri, alikuja kuomba za injili, ukamchanganyia na rumba mbili ambazo hazina maneno ya kumtia dhambini, na wiki iliyofuata alirudi akiwa mpole kuliko tulivyomjua.

Nilikuwa na wivu tangu siku hizo, na sioni sababu ya kuuvalisha nguo nyingine. Unamkumbuka yule afande aliyekuja kila Jumamosi na kadi iliyojaa?

"Madam, futa zote, anza upya."

"Afande, hizi za wiki jana ulisikiliza?"

"Kidogo."

"Ulifika wapi?"

"Niliskia ya kwanza tu. Nikaona ni kama unanisalimia, nikairudia."

Niliweka bisibisi chini. "Afande, hapa tunauza nyimbo. Salamu ni bure, hata mimi naweza kukusalimia."

Wateja walicheka, yeye akacheka, nawe ukacheka. Jioni tukitembea kurudi Kiwanjani uliniambia, "Wakili, kama kadi ya simu inakufanya hivyo, siku nikiwa na kazi ya maana utalala wapi?"

Kitu kimoja tu ndicho kilinituliza: nilikuwa na flashi yangu. Siku za soko la mifugo nilikuwa naenda Oldonyiro kwa pikipiki, kompyuta mgongoni, kuwawekea nyimbo watu waliokwisha kuuza mbuzi. Ulinifungia redio ndogo kwenye usukani, ukachomeka flashi uliyoipanga mwenyewe, na uliipanga kwa kufuata barabara. Za kwanza zilikuwa nyepesi, za kunitoa mjini. Kisha gitaa la Kiborana kwa ule uwanda ambao macho hayana pa kushika. Wa nne ulikuwa wa polepole sana, nami nikalalamika.

"Huo utakukuta kwenye laga," ulisema. "Mchanga ni mwingi. Nimeuweka upunguze mwendo, usije ukaanguka na kompyuta yangu."

Na kweli, kila safari wimbo wa nne ulianza gurudumu la mbele likigusa mchanga wa ule mto mkavu. Baada ya hapo ulinipa wa haraka wa kupandia kilima. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mapenzi, na sijakutana na mtu aliyepangiwa barabara nzima namna ile.

Sasa sikia kilichonipata mwaka huu. Niliingia hoteli moja hapo Kiwanjani kunywa chai. Spika ya ukutani ikapiga wimbo ninaoupenda, nikafurahi. Ukafuata mwingine ninaoupenda. Wa tatu ulipoingia, niliweka kikombe chini, kwa sababu nilijua wa nne ni upi. Ukaja, wa polepole, ule ule. Na mbele yangu alikuwa amekaa kijana anakula ndengu, anatikisa kichwa kwenye laga yangu.

Nilimwomba mwenye hoteli anionyeshe simu yake. Ilikuwa ile programu ya muziki ya kampuni yako, na orodha mmeipa jina la Upepo wa Kaskazini, na picha ya ngamia. Wewe, Akiru, uliyekuwa ukivuka barabara ukimwona ngamia. Kabla ya wimbo wa tano likaingia tangazo la kamari, mtu akipiga kelele kwamba leo ni siku yangu ya bahati. Niliiacha chai nikatoka.

Niseme wazi kinachoniuma. Sikatai ulipwe. Kinachoniuma ni kwamba watu wasiohesabika wamekaa kwenye foleni ya magari Nairobi, kwenye saluni, kwenye ofisi, na kila mmoja anafikiri orodha ile imepangwa kwa ajili yake. Hawana barabara. Hawana mchanga. Wamepewa ulinzi wako dhidi ya hatari ambayo hawataiona kamwe, na ulinzi huo ulikuwa wangu.

Nimeandika makala nyingi dhidi ya biashara hii na sirudishi hata sentensi. Mashine yenu inamuuliza msikilizaji ana huzuni au ana furaha, halafu inamuuzia sabuni kulingana na jibu. Mwimbaji wa leo hana ruhusa ya kukohoa kabla ya kiitikio, kwa sababu msikilizaji akisubirishwa kidogo anaruka wimbo. Gitaa ambalo zamani liliingia taratibu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni, sasa linasukumwa ndani kwa mgongo. Vituo vya redio vinapiga kilicholipiwa na kukiita chaguo la wasikilizaji. Wasomaji wananipongeza kwa ukali wangu, wala hawajui kwamba nusu ya ukali huo ni wivu. Hata hivyo, mwenye wivu anaweza kuwa na hoja, na hoja yangu iko pale pale.

Najua utanijibu nini, kwa sababu uliwahi kunijibu tukiwa bado tunalala chumba kimoja. "Wakili, hizi nyimbo tunazowawekea watu, wenyewe wanajua?" Nikakwambia hatuuzi nyimbo, tunauza kazi ya kuchagua. Ukacheka. "Kama ni hivyo, anayeuza ni mimi. Wewe unauza maneno." Kisha watu wakapata bando la bei nafuu, kadi zikaacha kuja, nayo kampuni ikaja kununua kile kile nilichosema tunauza. Ukapanda basi la Nairobi. Mimi nikabaki na spika za watu.

Sasa mnautaka na wa mwisho. Ule wa kwaya, uliourekodi kwa simu juu ya benchi la kanisa la mabati kule Burat, siku ya mazoezi, wimbo waliotunga wenyewe wakati wa ukame wakimuuliza Mungu mvua imepitia njia gani. Kuna mtu anakohoa. Kuna lori linapita. Na katika ubeti wa pili kuna sauti moja nzito inayoingia nyuma kidogo ya wengine, kama inasubiri wote wapite mlangoni ndipo ipite. Hiyo ni wewe. Uliuweka mwisho wa flashi ili unikute pale mabati ya Oldonyiro yanapoanza kung'aa. Kwenye orodha ya kampuni haumo, na sasa najua haumo kwa sababu tu uliibiwa simu.

Jibu langu ni hapana. Na nikuongezee sababu ya kisheria, kwa kuwa mnapenda sheria huko: wimbo si wako, ni wa kwaya. Jumamosi nakwenda Burat kuwasomea ujumbe wako, na jinsi watakavyokataa nitaandika hapa chini.

*

Leo ni Jumapili. Nimekwenda Burat na nimerudi.

Niliwakuta kwenye mazoezi. Mama Ekai bado ndiye anayeongoza, bado anashika ile fimbo yake. "Wakili," akasema, "umekuja kuokoka ama umekuja kubishana?"

"Nimekuja kuwatetea, mama."

Niliwaeleza yote. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, nikawaambia kwamba baada ya amina yao kutaingia mtu wa kamari. Nilisubiri hasira. Mama Ekai alikuwa ananitazama tu.

"Ngoja kwanza. Hiyo wimbo yetu uko nayo?"

"Ninayo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Akiru kuondoka."

"Na hukutuletea."

Nikatazama fimbo yake.

"Miaka yote unasikiliza peke yako," akasema, "kama mtu anakula nyama ndani ya blanketi."

Wanawake wakacheka hadi mmoja akalazimika kukaa. Nilijaribu kurudi kwenye hoja. Nikamwambia kampuni itafanya sauti zao bidhaa.

"Hao wa kampuni wakuje hapa tuongee. Tutawauliza maswali, hatuwaogopi. Lakini hao hawajatunyima kitu bado. Wewe ndiye umetunyima. Toa hiyo kompyuta."

Basi, Akiru, nilifanya kazi yetu. Nilichomeka kompyuta kwenye soketi ya madhabahu, wakapanga foleni na simu zao, nami nikawawekea mmoja mmoja. Kwa mazoea nilimuuliza wa kwanza atakuwa anasikilizia wapi. Akasema, "Jikoni, wapi tena."

Kisha Mama Ekai akataka usikike kwa spika. Wakaanza kugombana hapo hapo. "Huyo ni mimi." "Wewe? Wewe hukuwa umekuja siku hiyo." "Na hiyo kikohozi ni ya nani?" "Ya pasta." Walikuwa na kelele kuliko wimbo wenyewe.

Ukafika ubeti wa pili. Ile sauti nzito ikaingia nyuma ya wengine, na Mama Ekai akainua fimbo wote wanyamaze.

"Asekon," akasema.

Hujui hili, kwa sababu ulikuwa umekwenda na hukurudi hata siku moja. Asekon, dada yake Mama Ekai, alifariki mwaka juzi. Alikuwa akisimama karibu na wewe, safu ya nyuma.

"Ni yeye," Mama Ekai akasema. "Alikuwa anachelewa hivyo hivyo. Nilikuwa namgombeza." Akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaomba tena. Wenzake walikuwa wameinamisha vichwa. Sidhani wote waliamini ni Asekon. Mmoja alinitazama, nikatazama kompyuta.

Unanijua. Sijawahi kusikia mtu amekosea nikanyamaza, iwe ni gavana au askofu. Na sauti ile ndiyo kitu cha pekee nilichobaki nacho kwako, nimeilinda dhidi ya afande na dhidi ya kampuni, na nilikuwa naitazama ikichukuliwa na marehemu. Niliumia, nisikudanganye. Nikarudisha ubeti wa pili kila alipoomba, nikafunga mdomo.

Kwa hiyo barua hii haiendi kwa mhariri. Utaisoma wewe peke yako.

Wimbo sitakutumia mimi. Hauko tena mikononi mwangu, uko kwenye simu za jikoni kote Burat, na mwenye kuutoa ni Mama Ekai. Mje na watu wako wa kampuni mkae naye chini. Mchague kama wimbo utaingia na tangazo au bila tangazo, mimi sitaandika neno. Lakini kabla hamjaanza kuongea atakufungulia wimbo, na ubeti wa pili utakapoanza atakushika mkono akuonyeshe mahali dada yake anaingia. Utajisikia mwenyewe, Akiru. Usimsahihishe.

Ukae vizuri huko, na baridi ya asubuhi isikuzoee.

Ni mimi,
aliyekuwa mume wako.