Vidole vya Daktari

Mama mdogo,

Nakuomba kwa ajili ya marehemu dada yako, hata neno moja la humu lisivuke mlango wako.

Mimi mzima. Nimehamishiwa meza ya mapokezi, nje ya chumba cha yule daktari aliyembonyeza mama uvimbe wa shingoni akasema, "Rovu tu. Vidole hivi ndiyo maabara yangu." Mama alikuwa anakonda, ana homa za jioni, jasho linalowesha shuka. Hospitali ya pili walichota maji ya uvimbe kwa sindano, wakakuta kifua kikuu ndani ya tezi. Wakati huo mama hata kumeza dawa hawezi tena.

Sasa daktari mwenyewe ana uvimbe pale pale. Suruali zinampwaya na koti linalowa jasho. Jana alijipapasa mbele yetu akacheka, "Naota rovu kama bibi yangu."

"Si upime, daktari?" muuguzi akamwambia.

Nikamjibia mimi, kwa adabu zote: "Apime nini, na vidole vyake ndiyo maabara?"

Daktari akafurahi, akanipiga begani.

Moyo ulipoa, mama mdogo. Dawa zipo, akiwahi atapona. Nikinyamaza naiogopa nafsi yangu. Nikisema naona namsaliti mama.

Usipige simu ya ofisini, huipokea yeye. Mpigie jirani yangu, fundi cherehani, ataniita. Ukisema nimwambie daktari apime, nitamwambia. Usipopiga hadi Ijumaa, nitajua bado unaikumbuka shingo ya dada yako.

Mwanao,
karani wa mapokezi