Mchezo wa Bibi Sitaufuta

Bariadi,
Jumanne.

Kaka Mayige,

Shikamoo. Mwangaluka huko Mwanza, wewe na wifi Nancy na watoto? Sisi huku mhola duhu, salama tu. Mama mguu unamsumbua kidogo, lakini juzi alikwenda mwenyewe shambani kuangalia pamba, akarudi akilalamika kwamba vibarua wanachuma kama watu wanaochagua mitumba. Basi ujue ni mzima.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia wote. Umesema Jumapili unakuja na Mzee Athanasi wa kanisani kwetu huku, nifute mbele yenu ule mchezo wa simu nilioutengeneza, la sivyo nisikuite kaka tena. Umesema kifo cha Bibi nimekifanya cha kuchezea watoto. Nakujibu kwa barua, maana kwenye simu unanikatiza.

Kwanza, najua hujaucheza. Humo humpigi mtu wala hupati pointi. Wewe ni jirani. Jioni, ng'ombe wameshaingia zizini, unawaona watu wenye mapanga wakielekea kwa kikongwe anayeitwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu. Macho yenyewe yameiva kwa moshi wa miti ya pamba, kama ya kila mama aliyezeekea jikoni kwetu. Una kitu kimoja tu cha kufanya, kupiga yowe. Ukipiga, nyumba ya pili inalipokea, na ya tatu, kama mwano, yowe la wizi, unavyopokelewa ng'ombe wakiibwa, na wale watu wanakimbia. Ukinyamaza, asubuhi unapewa jembe ukachimbe kaburi.

Wengi wananyamaza, kaka. Wanangoja jirani mwingine aanze. Jenifer mmoja wa Shishiyu aliniandikia kwamba alinyamaza, kisha akaweka simu chini akalia, maana bibi yake naye aliuawa hivyo. Wengine wamenitukana sana mtandaoni. Kuna aliyesema nawachafua Wasukuma, nikamwuliza kama Bibi hakuwa Msukuma.

Mzee Athanasi naye alinifuata dukani ninapotengeneza simu, akasema wafu waachwe wapumzike. Nilimjibu kwa heshima kwamba Bibi hajapumzika, tumemfunika tu. Ndama akiibwa, kijiji kizima hutoka na marungu, na asiyetoka hutozwa faini. Kwa Bibi hakutoka mtu, na hakuna aliyetozwa hata kuku. Hilo linaniuma, na nitalisema hata mkinitenga.

Sasa lile usilolijua. Siku ile wewe ulikuwa shule ya bweni, mimi nilikuwa mgongoni kwa mama. Siku zote tumeambiwa kwamba nyumbani hawakusikia kitu. Walisikia. Mama aliwaona wakipita zizini, akafungua kinywa apige yowe, na marehemu baba akamziba kwa kiganja mpaka kukawa kimya. Aliogopa wangetugeukia sisi. Aliyekuwa anauawa ni mama mzazi wa baba huyohuyo. Simtetei, wala simlaani.

Mama alinisimulia mwaka jana, nilipomwonyesha mchezo ukiwa bado hauna sauti. Aliniuliza yowe atalipiga nani. Nikamwambia nitatafuta msichana wa kwaya. Akakataa. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda kusimama palepale zizini, akaniamuru niwashe simu nirekodi. Alivyolipiga, kina Mboje na majirani wote walikuja mbio na fimbo, wakamkuta analia. Akawaambia wamechelewa.

Kwa hiyo sauti unayotaka niifute ni ya mama. Njoo Jumapili, kuku wako yupo. Ila simu nitampa mama aishike, na wewe mwenyewe ndiye utakayemwambia anyamaze mara ya pili.

Wifi na watoto wape salamu zangu nyingi, na Mungu awalinde njiani mkija.

Mimi mdogo wako, niliyepewa jina la Bibi,

Ng'washi